Jiwe la Matumbawe Linataka Chokaa Yake

Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi waashi, wanafunzi wa ujenzi na wenye nyumba za mawe katika mji mmoja wa kale wa pwani. Yameandikwa karibu kama yalivyotamkwa.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, wanafunzi, akina mama na akina baba mliorithi nyumba za mawe na mnaohangaika nazo kila masika, asalaam alaykum, na ambao salamu hiyo si yao, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie jiwe la matumbawe. Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja aliniuliza kama nitasema historia au nitasema ujenzi. Nitasema vyote, maana kwa jiwe hili haviachani. Watu wa mabonde ya mito mikubwa walifinyanga udongo wakauchoma, wakapata matofali. Sisi wa pwani hii, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa na kuendelea kusini, na kuvuka mpaka Komoro, tofali letu tulilitoa baharini. Misikiti, makaburi ya minara, majumba ya masultani, ngome, nyumba za wafanyabiashara, vyote vimesimama juu ya kazi ya wadudu wa baharini wasiofikia hata ukubwa wa punje ya mchele. Ninalotaka kulisema leo ni moja: majengo haya hayafi kwa uzee wa jiwe. Yanakufa kwa sababu tumelitenga jiwe na chokaa yake.

Tuanze na jiwe lenyewe, kwa sababu hata mafundi wazuri huchanganya hapa. Mawe ni aina mbili.

La kwanza ni tumbawe la baharini, lile zito la duara ambalo wataalamu wa bahari huliita Porites. Wazee walilikata likiwa hai, maji yakiwa yamekupwa, kwa shoka na tezo. Likitoka majini ni laini kiasi kwamba chuma kinapita bila kugombana nalo, na vitundu vyake ni vidogo na vimelingana, kwa hiyo halimegeki ovyo ukichonga ua au herufi. Likishakaa juani na hewani linakuwa gumu. Fundi alikuwa na muda wake wa kufanya kazi, ukimpita amelikosa. Ndiyo maana jiwe hili liliwekwa mahali ambapo jicho la mtu hutua: mihrabu, miimo ya milango, matao, na vibao vya makaburi.

La pili ni jiwe la nchi kavu, lile la maweni. Hili nalo lilikuwa mwamba wa matumbawe, ila bahari ililiacha zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ni gumu, lina mashimo, lina kona za kukata mkono, na halikubali kuchongwa likapendeza. Hili huvunjwa kwa nyundo na kujengewa kiini cha ukuta. Mwili wa nyumba nyingi mnazoziona, kuta zile za unene wa nusu mita na zaidi, ni jiwe hili la maweni likiwa limezama katika chokaa. Ukipiga ukuta huo kipimo, usishangae ukikuta chokaa inakaribia kuwa nyingi kama mawe. Usidhani fundi alikosa mawe. Alijua kwamba jiwe lisilo na uso halikai juu ya jiwe jingine lisilo na uso mpaka kitu laini kijaze kati yao.

Jinsi tulivyofika hapo inajulikana vizuri. Kisiwani Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua chini ya msikiti mmoja wakakuta mwingine, na chini ya huo mwingine tena. Ya chini kabisa ilikuwa misikiti midogo ya miti, ya karne ya 8. Baadaye ukaja wa mawe ya baharini yaliyojengewa kwa udongo. Chokaa ikafuata, na jiwe la nchi kavu likachukua kazi ya kuta kubwa karne kadhaa baadaye. Naomba tuliangalie jambo hili vizuri, hasa nyinyi vijana mliofundishwa kwamba ujenzi wa mawe ulishushwa pwani ukiwa kamili ndani ya jahazi. Watu waliosali mahali palepale, kizazi baada ya kizazi, waliubomoa msikiti wao na kuujenga upya, na kila mara waliuongezea walichojifunza.

Nendeni Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja. Kwa nje msikiti ule hautawasimamisha njiani, una bati juu na kuta za kawaida, na sehemu kubwa yake ilijengwa upya karne ya 18. Ingieni ndani mwangalie upande wa kibla. Pale pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa katika tumbawe, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Herufi zimeinuka kutoka kwenye jiwe, maana yake fundi hakuchimba herufi, aliondoa kila kisichokuwa herufi. Kosa moja na ubao mzima umekwenda. Na alikuwa anashindana na jiwe linalokauka. Nikiwa mbele ya kazi ile huwa nawaambia wanafunzi wangu wasahau kwanza tarehe, watazame kona ya ndani ya kila herufi, waone jinsi ilivyo safi baada ya miaka zaidi ya 900 ya hewa ya chumvi. Jiwe limetunza lilichoandikiwa.

Kilwa Kisiwani ni somo jingine. Mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, ikiwa inapitia mikononi mwa wenyeji wa Kilwa, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, na ndani yake birika la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika mjini hapo mwaka 1331, wakati wa sultani huyohuyo. Msikiti Mkuu nao, uliokuwa umejengwa karne ya 11, ulipanuliwa mara kadhaa ukawekewa makuba. Upanuzi ule wa karne ya 14 ulianguka. Karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo za pembe nane za mawe na chokaa na matao juu yake, na hizo ndizo mnazopita kati yake leo. Mimi napenda kuwaeleza mafundi habari ya kuanguka kule kuliko habari ya makuba. Waashi wa Kilwa walishindwa, wakarudi na kujenga kwa njia nyingine, na njia hiyo ya pili imefika kwetu.

Magofu ya Gedi, Takwa, Kaole, Tongoni, Songo Mnara na misikiti yake mitano, sitaweza kuyapitia yote, na wengi wenu mmeyatembelea. Nataka twende kwenye chokaa.

Chokaa yetu ni jiwe lilelile. Mnapanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, katikati mnaacha tundu la kutilia moto, juu mnarundika vipande vya matumbawe. Hilo ndilo tanuu. Moto ukishika vizuri na joto likakaribia nyuzi 900, jiwe linatoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubaki jeupe, jepesi. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe, linapasuka, linakuwa unga na kisha uji mzito. Uji huo hautumiwi siku hiyo. Unaachwa, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika na kushika. Mafundi wa zamani waliiacha miezi mingi. Kisha inachanganywa na mchanga, na mahali pengi na udongo mwekundu, inakuwa ya kujengea.

Sasa sikilizeni sehemu hii, kwa sababu yote nitakayosema baadaye yanasimama juu yake. Chokaa ikiwa ukutani inaanza kuirudisha ndani hewa ileile iliyoipoteza motoni. Polepole sana, kwa miezi na miaka, inageuka tena kuwa jiwe. Kikemia, kinachoshikilia matumbawe ukutani kinakuwa kitu kimoja na matumbawe. Jiwe na kiungo chake vinapanuka pamoja kwenye joto la mchana na kusinyaa pamoja usiku. Vyote vina vitundu, vyote vinapitisha unyevu. Ukuta ukipata ufa mwembamba, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuishusha ndani ya ufa ule, nayo hukauka humo na kuuziba. Hakuna aliyechanganya dawa ya namna hiyo kiwandani akaiweka ndani ya nyumba yetu. Ilikuwamo.

Basi ikaja saruji.

Siichukii saruji. Inajenga madaraja na maghorofa, na kwa kazi yake ni kitu kizuri. Lakini weka lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe uone. Ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu chini, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani yake kila siku, yakiwa na chumvi. Kwa lipu ya chokaa maji hayo hutokea usoni, hukauka, na chumvi hubaki juu juu ambapo unaifagia. Kwa lipu ya saruji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi kutafuta njia, ndiyo maana mtu anapiga saruji sehemu ya chini akashangaa mwaka unaofuata unyevu umefika dirishani. Chumvi nayo inajikusanya nyuma ya lipu, inakauka, inakuwa chembe zinazovimba, na kinachovunjika ni jiwe, kwa sababu baina ya saruji na tumbawe, tumbawe ndilo dhaifu.

Gongeni kwa kifundo cha kidole ukuta kama huo. Mtasikia unalia tupu. Banduni kipande cha lipu, kitatoka kimoja, kigumu, upande wake wa nyuma kikiwa kimenata unga mweupe na vipande vya jiwe. Unga ule ulikuwa ukuta. Onja kwa ncha ya ulimi, ni chumvi. Mwenye nyumba atakuambia, "Hii nyumba imechoka, mawe yameoza." Mawe hayakuoza mpaka alipoyafunga. Kuta za jirani yake zenye umri uleule na lipu ya chokaa bado zimesimama.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya kanisa la Mkunazini, Zanzibar, lile alilolijenga Askofu Edward Steere miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa. Tao la paa lake limefanywa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa, na limesimama hadi leo. Watu hunitolea mfano huo kunionyesha kwamba saruji na tumbawe vinaelewana. Ni mfano mzuri lakini wa kitu kingine. Pale matumbawe ni kokoto ndani ya zege, paa zima lilibuniwa hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi nazungumzia ukuta uliojengwa upumue, kisha akaja mtu baada ya miaka 200 akauziba.

Na kwa kuwa nimetaja soko lile, siwezi kuusifu ujenzi huu nikaruka jambo moja. Majumba makubwa ya karne ya 19 yalibebwa na mikono ya watu waliokuwa mali ya watu wengine. Mawe yale ya maweni yalivunjwa na kuletwa mjini vichwani mwa watumwa, boriti vilevile. Anayetembeza wageni na kuwaonyesha mlango wa nakshi bila kusema hilo amewaficha nusu ya nyumba. Kuitunza kazi ile ni pamoja na kuwatambua walioifanya bila kuulizwa kama wanataka.

Turudi juu, kwenye paa, maana ukuta huanza kufa kutoka huko. Mnajua kwa nini vyumba vya nyumba zetu ni virefu na vyembamba. Boriti ya mkoko haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba hakizidi upana huo, hata cha tajiri. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha hupondwa. Zanzibar kazi ya kuponda sakafu ya juu ilifanywa na kundi la watu wenye vijiti, kwa nyimbo na ngoma, siku nyingi mfululizo, hadi chokaa ishikamane na maji yasipite. Wale walioona ni sherehe tu hawakuelewa kwamba mdundo ndio uliokuwa kipimo cha kazi, kila mtu anapiga kwa uzito uleule, hakuna mahali panapoachwa.

Leo paa likivuja, fundi wa haraka anaongeza tabaka. Likivuja tena, anaongeza jingine, safari hii la saruji. Nimeyaona mapaa yenye matabaka kama kitunguu, kila moja limewekwa na mtu aliyeogopa kulitoa la chini yake. Boriti iliyokatwa kwa uzito wa tabaka moja inabeba manne. Maji bado yanapita, yanakwenda pembeni, yanaingia pale ncha ya boriti ilipozama ukutani, na ncha hiyo inaoza gizani ambapo hakuna anayeiona. Boriti katikati ya chumba inang'aa, unasema dari ni zima. Chukueni bisibisi mchokoe pale inapoingia ukutani. Ikizama, msilale chini yake.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliporomoka, jengo alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, refu kuliko yote ya wakati wake mjini Zanzibar na la kwanza kuwashwa taa za umeme. Kazi ya matengenezo ilikuwa ikiendelea. Watu wawili walifariki. Jengo lile lilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Nawaombea marehemu wale, na nataka kila fundi aliyeko hapa awakumbuke anapoingia chini ya paa la zamani na kuambiwa afanye haraka.

Sasa, tufanye nini?

Kwanza, matumbawe hai hatukati tena. Naisema hii nikijua kuna watakaoninung'unikia, kwamba bila tumbawe bichi hakuna mihrabu mpya. Porites hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Kipande cha upana wa dhiraa kilichukua karibu nusu karne kukua. Bahari ilipopata joto mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani hii yaligeuka meupe na kufa, na joto hilo limerudi tena tangu hapo. Mwamba huo ndio nyumba ya samaki na ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye magofu. Kilwa wanalijua hilo: Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, na bahari inayokula ufuo ilikuwa sehemu ya hatari hiyo. Viliondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kulinda ufuo. Tukikata mwamba ili kutengeneza jengo, tunalifungulia jengo hilohilo mawimbi. Kwa kuchonga, tunayo mawe ya nyumba zilizoanguka. Kila kifusi kinachopelekwa kujazia mashimo barabarani kina mawe ya miimo na matao ndani yake. Chagueni kabla ya lori kufika.

Pili, kuni. Tanuu linakula msitu, na mikoko yetu haiwezi kulisha matanuu na boriti kwa pamoja. Tunahitaji matanuu yaliyofungwa, yanayohifadhi joto, na tunahitaji kuchoma jiwe la nchi kavu. Chokaa ya mfuko inayouzwa kwa kupaka rangi si ya kujengea, isipokuwa umejua imechomwaje na imekaa muda gani tangu ichomwe. Ikishapata hewa kwenye mfuko uliotoboka, imekwishageuka chaki, haishiki kitu.

Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, ni watu. Lamu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, Mji Mkongwe tangu 2000, Fort Jesus tangu 2011, na Gedi imeingia 2024. Orodha hizo zinahesabu majengo. Mimi nahesabu waashi wanaojua kuangalia ndoo ya chokaa na kusema kwa rangi na kwa jinsi inavyoshika mwiko kama iko tayari, na idadi yao inapungua kila nikienda kuwatafuta. Kijana anayejifunza saruji anapata kazi kesho. Anayejifunza chokaa anasubiri mradi wa wafadhili, mradi ukiisha anakwenda kuendesha bodaboda. Basi nyinyi mnaoandika mikataba ya matengenezo, andikeni chokaa kwa jina lake na kwa muda wake wa kukaa. Andikeni kwamba kila fundi mkuu aje na mwanafunzi, na mwanafunzi alipwe. Msikubali mkandarasi akiwaambia kwamba amechanganya "na saruji kidogo tu ili ishike upesi." Saruji kidogo hiyo ndiyo nusu ya kazi yangu ya kubandua.

Wenye nyumba, najua fedha. Chokaa inachukua muda na muda una gharama, na nyumba moja ina warithi 12 wasiokubaliana hata rangi ya mlango. Hamhitaji kutengeneza nyumba nzima mwaka huu. Kabla ya masika pandeni juu, safisheni mifereji, toeni miche iliyoota kwenye kona za paa, hasa mtini, kwa sababu mzizi wake ukishaingia kwenye chokaa unafungua ukuta. Kisha chagueni ukuta mmoja wa chini ulio na saruji, mita moja kutoka ardhini, muibandue na muuache wazi msimu mzima wa kaskazi ukauke. Msiupige lipu siku hiyohiyo. Fagieni chumvi inayotoka, fagieni tena. Mtaona wenyewe mpaka wa unyevu ukishuka.

Uani kuna mapipa mawili. Moja lina chokaa iliyozimwa wiki iliyopita, jingine lina iliyokaa tangu mwaka jana, na mafundi wako tayari na ukuta wa kujaribia. Mwenye shati jipya alivue. Wanafunzi watangulie, waanze na pipa la pili.